Banda la raga ligi Ngamiani: kiingilio jero, mchezo mtamu, na zile siti tupu mnazouliza

Wagosi wenzangu mnaouliza kama kweli Tanga kuna banda linaonyesha raga, ndio lipo, na sio ile raga ya Springboks ya watu 15 mnayoionaga kwenye king'amuzi, hii ni raga ligi, watu 13 kila upande, ligi ya Uingereza inayoitwa Super League na ile ya Australia, NRL. Lipo Ngamiani kwenye moja ya zile barabara za namba, chumba chenyewe cha kupanga na mwenye banda hataki maneno na mwenye nyumba kwa hiyo sitaandika barabara ya ngapi, ila fika upande wa sokoni mwulize yeyote wa bodaboda, wanalijua. Kiingilio jero, siku ya fainali buku. Kwa jero hiyo nawaambia hakuna burudani nyingine hapa mjini inayokupa dakika 80 za namna ile. Nyota nne kati ya tano, na hiyo moja niliyoikata nitaisema.

Kwanza mjue kwa nini mtu wa Ngamiani aamue kuonyesha raga. Banda lolote linaishi kwa mpira wa miguu, sasa mpira wa Ulaya ukifungwa mwishoni mwa Mei mpaka Agosti, na ligi yetu nayo ikiisha, mabenchi yanabaki wazi na kodi haisubiri. Wiki za mechi za FIFA nazo hivyo hivyo. Raga ligi ya Uingereza tangu Super League ianze mwaka 1996 inachezwa kiangazi, Februari mpaka Oktoba, waliihamisha kutoka majira ya baridi, kwa hiyo miezi ile mabanda mengine yanaweka sinema za kutafsiriwa au yanafunga mlango kabisa huyu mzee mwenye banda anayo mechi ya moto kila wiki. Fainali ya 2025, tarehe 11 Oktoba, Hull KR na Wigan pale Old Trafford, ilidondokea wiki ya FIFA, saa mbili usiku kwa saa zetu, watu walijaa mpaka wengine wamesimama mlangoni. Hull KR wakashinda 24-6 wakakamilisha makombe matatu ndani ya msimu mmoja, na watu waliokuja kwa sababu tu hakukuwa na Arsenal wala Man U wakatoka wanauliza ratiba.

Huduma sasa. Projekta ni nzuri, ukuta umepakwa rangi nyeupe safi, spika mbili zinatosha. Mabenchi ya mbao, ya mbele yana migongo ya nyuma hayana, mkija wawili watatu wahini mbele. Pale ndani kuna mama anauza chai ya maziwa, kachori na mihogo ya kukaanga yenye pilipili ya kutosha, na akina dada wanakaa upande wake pale, hawasumbuliwi, hilo nalisifu sana maana mabanda mengi ya mpira dada hawezi kukaa kwa amani hata nusu saa. Ikiadhiniwa sauti inazimwa, picha inaendelea, hakuna anayelalamika. Mechi za Australia zinaanza Jumamosi asubuhi kama saa nne na nusu na nyingine mchana saa sita na nusu hivi, za Uingereza Ijumaa usiku saa nne, kwa hiyo hata mwanafunzi anaweza kuja Jumamosi na mzazi asiwe na wasiwasi.

Kitu kinachoniuma nikiwaza hili banda lingefungwa ni yule kijana anayetangaza. Anapunguza sauti ya Kiingereza anashika maiki anaeleza kwa Kiswahili, na anaeleza kweli, hapigi kelele tu. Kwa mgeni ndani ya dakika kumi unaelewa: timu inayo nafasi sita, ukiangushwa unasimama, unaweka mpira chini unausukuma nyuma kwa mguu, mwenzako anachukua mnaendelea, ya sita mpira unahamia kwa wapinzani, ndio maana ya tano wanapiga teke mara nyingi. Kuvuka mstari na kugusisha mpira chini ni trai, pointi 4, teke baada ya hapo 2. Basi. Hakuna kurundikana muda mrefu mpira usionekane, hakuna refa kusimamisha mchezo dakika mbili kupanga skramu, ule mfungano wa mabega wa kusukumana. Mtu wa kawaida aliyezoea mpira wa miguu anaipenda hii kuliko ile ya 15, nimeona kwa macho yangu, na nasimamia hapo.

Nyota niliyoikata: feni moja kwa chumba kizima na Februari ya Tanga mnaijua. Choo ni cha majirani. Na bando, jamani, mechi ya Leeds na St Helens dakika za mwisho tofauti pointi mbili picha ikaganda, mtandao anaotumia ulikuwa umepotea mtaa mzima, tukakaa tunaangalia mtu amenyanyua mguu hewani mpaka mechi ikaisha. Alirudisha jero kwa kila aliyetaka, sio mabanda yote yatafanya hivyo. Ila aweke laini ya pili ya akiba, nimeshamwambia na nitaendelea kumwambia.

Sasa nije kwenye swali ambalo kila mgeni wa lile banda anauliza, na kijana kwenye maiki hana muda wa kulijibu vizuri. Mtu anaangalia mechi, anaona wanaume wanagongana namna ile, anapenda, halafu kamera inazunguka uwanja anaona siti tupu zimejaa upande mzima, anauliza, mbona hakuna watu? Kama mchezo mtamu hivi mbona kwao hawaji?

Jibu langu ni kwamba vilabu vingi vya raga ligi havina kwao.

Chukua Huddersfield. Huo ndio mji mchezo ulipozaliwa, tarehe 29 Agosti 1895, hoteli ya George, vilabu zaidi ya 20 vya kaskazini ya Uingereza vikajitoa kwenye chama cha raga. Sababu ilikuwa ujira. Wachezaji wao walikuwa wachimba makaa na watu wa viwandani, Jumamosi ilikuwa siku ya kazi, ukienda kucheza unakatwa mshahara, vilabu vikasema tuwafidie, wakubwa wa kusini wakasema hapana mchezo haulipwi. Wakajitoa wakaanza kulipa fidia isiyozidi shilingi 6 kwa siku. Mzee yeyote wa Tanga aliyewahi kubeba mizigo bandarini au kukata mkonge kwa kipande anaelewa hiyo bila kuelezwa. Leo Huddersfield Giants wanacheza kwenye uwanja wa watu 24,000 wanaotumia pamoja na Huddersfield Town ya mpira wa miguu, na wanaokuja kuangalia raga ni elfu chache. Ni kama wali wa watu wawili kupikwa kwenye sufuria ya shughuli. Wale elfu chache wangekuwa kwenye uwanja wao wa saizi yao ungeona pamejaa, kelele, televisheni ingependeza, na anayeangalia Ngamiani asingeuliza. Wenyewe wanajua, kwa muda sasa wanapanga kujenga wa kwao.

Bradford ndio timu yangu, nilipata jezi yao mtumbani, nyeupe yenye mistari ya nyekundu, kaharabu na nyeusi mbele, nikaanza kuisoma na ndio nikanasa mpaka leo. Uwanja wao Odsal ni shimo, kweli ni shimo, palikuwa dampo la taka, wakahamia 1934. Mwaka 1954 fainali ya marudio ya Challenge Cup, kombe lao la mtoano, Warrington na Halifax, hesabu rasmi ya walioingia pale ilikuwa watu 102,569. Laki moja! Raga ligi! Kwa hiyo mtu asiniambie watu hawaupendi huu mchezo. Na Bradford Bulls hao hao wakachukua ubingwa wa Super League 1997, 2001, 2003 na 2005, walikuwa wakubwa hasa. Halafu hela zikawaishia, 2012 wakauza haki ya upangaji wa Odsal kwa chama chenyewe cha raga ligi, mwaka huo huo wakaingia usimamizi wa mufilisi, wakaingia tena 2014, wakaingia tena 2016, na Januari 2017 kampuni ikafutwa kabisa. Waliofufua timu wakaanza msimu daraja la chini wakiwa wamekatwa pointi 12. Mwisho wa 2019 hata Odsal penyewe wakashindwa kupamudu, wakahamia Dewsbury mji wa jirani, wakarudi 2021. Wamekuja kurejea Super League mwaka 2026 ligi ilipoongezwa mpaka timu 14. Nilishangilia peke yangu chumbani siku ile.

Salford inauma zaidi kwa sababu ya mzee mmoja fundi baiskeli anayekuja pale kila Ijumaa. Aliichagua Salford kwa sababu ya wekundu, yeye ni Simba damu. Salford walikaa uwanja wa The Willows toka 1901, padogo, pa mtaani, watu wanatoka nyumbani kwa miguu. 2012 wakahamishiwa uwanja mpya wa watu 12,000 pale Barton, pembeni ya barabara kuu, mbali na mtaa wao, na sio wao wenye uwanja, ni wapangaji, kwa hiyo hela nyingi ya siku ya mechi inayowanenepesha wengine wao haiwafikii. Wakajikongoja, 2019 wakafika fainali kuu kabisa, lakini madeni yakawa yanaongezeka. Februari 2025 wamiliki wapya wakaja na ahadi nyingi, hela haikuonekana, mechi ya kwanza ya ligi msimu ule wakazuiwa wasitumie wachezaji wao wengi kwa sababu ya kikomo cha matumizi, wakapeleka vijana wadogo St Helens wakafungwa 82-0. Themanini na mbili bila. Desemba 2025 mahakama ikaifunga kampuni kwa deni la kodi. Mzee akauliza, "Mwanangu, timu yangu mbona siioni kwenye ratiba?" Kijana akazima maiki akashuka kwenda kumweleza pembeni. Kuna klabu mpya imeundwa kwa jina la Salford, inaanzia daraja la pili, na mzee anaifuata kwenye simu ya mjukuu wake.

Hapa Tanga nani hataelewa? Coastal Union mabingwa wa nchi wa 1988, Wagosi wa Kaya, Mkwakwani ndio kwao na Mkwakwani sio mali yao, ni wa CCM. Oktoba 2024 wakawa wenyeji wa Yanga, na wenyeji hao wakachezea Arusha, Sheikh Amri Abeid, zaidi ya kilomita 400 kutoka hapa. Mwenye baiskeli yake Chumbageni alifikaje huko? Hakufika. Wakirudi ukikuta jukwaa halijajaa usiseme watu wa Tanga hawapendi mpira. Watu wanapoteza mazoea, mtoto aliyetakiwa kuingia uwanjani mwaka ule na baba yake hakuingia, na mwaka unaofuata ameshapata jambo lingine la kufanya Jumamosi.

London ndio mfano mbaya kuliko wote. Timu ilianzishwa 1980 na klabu ya mpira ya Fulham, mechi ya kwanza Craven Cottage na Wigan, watu 9,554, wakashinda 24-5. Mwanzo wa kutia moyo kabisa. Halafu wakaanza kuhama, Crystal Palace, Chiswick, Barnet, Charlton, Brentford, Stoop kule Twickenham, Ealing, sasa Wimbledon, na jina nalo likawa linabadilika njiani. 1999 walifika Wembley kwenye fainali ya Challenge Cup wakafungwa na Leeds 52-16. Jiji lina mamilioni ya watu lakini mtu wa London akitaka kupeleka wanae raga ligi anatakiwa kwanza aulize mwaka huu wako wapi. Mwaka 2023 wakapanda daraja uwanjani, wakaambiwa mapema kwamba mfumo mpya wa alama, unaopima vilabu kuamua nani awe Super League, umewaweka nafasi ya 24 kwa hiyo 2024 ikiisha watashuka tu hata wacheze vipi. Huo mfumo una alama 20, mashabiki 5, matokeo 5, fedha 4.5, uwanja 3, jamii 2.5, na kwenye zile za uwanja wanahesabu mpaka skrini kubwa na mabango ya taa pembeni, na kama klabu ina uamuzi juu ya uwanja wake au imepanga kwa mtu. Mimi naona wako sahihi kuhesabu uwanja, ila kumwadhibu asiye na uwanja bila kumsaidia kupata ni kumzamisha tu.

Wakefield walisubiri uwanja mpya wa Newmarket ambao serikali iliuruhusu tangu 2012 na haujajengwa, mwisho wakaacha kusubiri wakakarabati Belle Vue ile ile ya zamani, wakajenga jukwaa jipya la mashariki, wameshuka 2023, wamerudi, 2025 wakaingia hatua ya mtoano. Hiyo ndio njia ninayoiamini mimi. Hata Castleford, wapo Wheldon Road toka 1927, pamechoka, watu wanasimama na mvua, lakini mechi za pale ndizo banda linazipenda kuliko zote kwa sababu mashabiki wako karibu na mstari unasikia wanachosema.

Sio Uingereza peke yake. Australia huko ambako mchezo una hela, North Sydney Bears, klabu ya tangu 1908, waliamua kuhamia Gosford, mji wa kaskazini ya Sydney, 1999, uwanja haukuwa tayari kwa wakati, mvua, ujenzi ukachelewa, hela zikaisha, mwisho wa mwaka ule wakalazimika kuungana na klabu jirani ya Manly na jina likapotea kwenye ligi kuu. Wanarudi 2027 kupitia Perth, upande wa pili kabisa wa bara. Ufaransa ndio walifanyiwa ukatili, serikali ya Vichy, ile iliyoshirikiana na Wajerumani wakati wa vita, mwaka 1941 iliipiga marufuku raga ligi na mali zake zikachukuliwa, ndio maana leo huko ya watu 15 ni dude kubwa na hii imebaki kusini, Perpignan na Toulouse. Halafu nenda Papua New Guinea, pale raga ligi ndio mchezo wa taifa, vijijini wanacheza, na timu yao inaingia NRL 2028 kwa msaada wa serikali ya Australia, dola zao milioni 600 kwa miaka kumi. Kwa hiyo wanaosema huu mchezo ni wa ukanda wa miji michache tu ya Lancashire na Yorkshire, sawa, kwa Uingereza ni kweli kwa sehemu kubwa, lakini ubaki hapo kwa sababu ipi? Mimi siamini ni ladha. Lile banda la Ngamiani limenionyesha watu ambao hawajui Wakefield iko upande gani wa dunia wanasimama kwenye benchi kwa trai ya dakika ya 79.

Nirudi kwa banda, maana ndio nilikuja kulisema. Wasiwasi wangu mkubwa sio feni wala choo, ni kwamba mkataba wa chumba ni wa miezi michache michache, mwenye nyumba ameshaanza kusema anataka kuweka duka, na mzee mwenye banda hana mpango wa pili. Nimemshauri aongee naye mapema apate hata mwaka mzima, na sisi wateja tuko tayari kulipia kadi ya msimu kwa mkupuo ili apate ya kumtangulizia. Wengine tumeshaanza kuweka kidogo kidogo kwa mama wa kachori. Ukienda ukaipenda muulize mama habari ya kadi, atakuandika kwenye daftari.

Ratiba anaibandika mlangoni Alhamisi jioni. Angalizo moja tu, msimu ukianza Februari saa za Uingereza zinakuwa bado hazijasogezwa mbele, kwa hiyo ile mechi ya Ijumaa ni saa tano usiku sio saa nne, mpaka mwisho wa Machi. Ukifika saa nne utakuta wanaangalia marudio ya bondia, kaa, agiza mihogo, mama hafungi jiko mpaka mechi iishe.